Pweza wa Msimbati, Bei ya Mgeni

Nenda pale Feri, Mtwara, jioni, watu wanaposhuka kutoka Msangamkuu na ndoo zao za samaki, ukae kwenye benchi la kahawa usikilize. Yakishapita mazungumzo ya mpira na bei ya korosho, yatafika kwenye migahawa ya ufukweni. Yote tunaijua kwa sura moja: paa la makuti lililopunguzwa kingo vizuri, nguzo za mikoko, mtumbwi uliokatwa katikati ukageuzwa kaunta, chemli za mapambo zisizotiwa mafuta, na mlinzi getini anayekuuliza umemfuata nani. Imejengwa ionekane kama nyumbani kwetu, na sisi tuliolala chini ya makuti ya kweli ndio tunaosimamishwa mlangoni.

Tuseme mapema kwamba hatuna chuki na wageni. Pwani hii imezoea watu wa mbali. Mikindani ilikuwa bandari ya majahazi muda mrefu kabla Mjerumani hajapandisha boma lake pale mwaka 1895, na David Livingstone alishukia hapo mwaka 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya kwenda bara. Mgeni akija Mtwara anakaribishwa, anapewa kiti, anapewa maji. Malalamiko yetu ni kwa wenye biashara wanaouza mwambao huu kama sahani na mapambo, huku mwenyeji hayumo kwenye hesabu yao ya wateja.

Mtindo wenyewe haukuanzia huku. Nairobi wana Carnivore tangu mwaka 1980, ambako nyama ilichomwa kwenye shimo la makaa na kuletwa mezani ikiwa imechomekwa kwenye sime za Kimasai, mgeni apate kula Afrika yote kwa mkao mmoja. Unguja wana The Rock kule Michamvi Pingwe, juu ya jiwe la matumbawe walipokuwa wakipumzika wavuvi. Maji yakitoka unaenda kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua. Hizo zina ubunifu wake, na waliozianzisha walijua wanafanya nini. Tatizo ni waigaji. Kutoka Diani hadi Nungwi hadi huku Shangani yetu ya Mtwara, picha ni ile ile, kana kwamba kuna duka moja linalouza Uswahili kwa vifurushi: makuti, kanga zilizofanywa mito, kijana aliyevishwa shuka jekundu la Kimasai kilomita mia kadhaa kutoka Umasaini, na spika inayorudia kila usiku ule wimbo wa Jambo Bwana wa Them Mushrooms. Kijana yule wa shuka hatumlaumu, anatafuta riziki kama sisi. Lakini mgeni aliyesafiri mpaka karibu na mdomo wa Ruvuma anastahili kuonyeshwa watu wa Ruvuma.

Chakula ndicho kinachotuuma zaidi.

Mtu ambaye hajawahi kumwona mama akitafuta pweza afike Msimbati au Ruvula siku za bamvua. Bahari inarudi nyuma mpaka mwamba unabaki wazi, na akina mama wanateremka na ndoo, mwingine ana raba kuukuu miguuni, mwingine pekupeku. Mama ana ufito wenye ncha. Anatazama chini, anatafuta tundu lenye maganda ya kome na kaa yaliyotupwa mlangoni, kwa sababu pweza akila hutupa mabaki nje ya nyumba yake. Akilipata anaingiza ufito taratibu, anauchezesha, anasubiri mkono mmoja uujie, kisha wa pili. Kazi hiyo inafanywa mgongo ukiwa umeinama tangu maji yanapotoka mpaka yanapogeuka. Akirudi ufukweni, kwenye kivuli anamkuta mchuuzi na mizani yake na pikipiki yenye boksi la barafu. Bei anaitaja mchuuzi. Pweza mkubwa anaanza safari ya kwenda Dar es Salaam na viwanda vinavyopeleka Ulaya, na wachache wanaishia kwenye migahawa ya hapa hapa.

Jioni pweza yule yule yuko mezani, vipande vichache juu ya jani la mgomba, limau limekatwa nusu, na bei ya sahani inapita alicholipwa yule mama kwa pweza mzima. Tunaelewa kwamba mwenye mgahawa naye ana mzigo. Analipia umeme, ana jenereta ya kulinda friji, ana mishahara, ana kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18. Apate faida yake. Lakini mama wa Msimbati akitaka kumpeleka mwanawe aliyefaulu mtihani akale pweza aliyemtoa yeye mwenyewe mwambani, hawezi. Hata mwalimu wa sekondari hawezi, wala nesi wa hospitali ya Ligula. Ukiuliza meneja atakujibu kwa heshima kabisa kwamba mgahawa wao unalenga soko la kimataifa. Soko la kimataifa tunalielewa. Ufuo linapofanyika ni wa Mtwara.

Na ukipata hela ukaingia, menyu yenyewe inakushangaza. Kuna piza, kuna baga, kuna tambi, halafu kuna ukurasa mmoja wa vyakula vya Waswahili: wali wa nazi, samaki wa kupaka, mchuzi wa kamba. Vyakula vizuri hivyo, hatuvikatai. Ila ungevipata Lamu, ungevipata Mombasa, ungevipata Bagamoyo. Cha Mtwara kiko wapi? Ming'oko iko wapi?

Msomaji wa Mwanza au Arusha huenda haijui. Ming'oko ni viazi vya porini vinavyochimbwa kiangazi kwa jembe na subira nyingi, kwa sababu vinakwenda chini sana na vikivunjika vinapoteza thamani. Vinachemshwa na maganda yake. Kando ya barabara utawaona akina mama wamevipanga mafungu kwenye sinia, vyembamba, vya rangi ya udongo, na pembeni kuna chumvi na pilipili ndani ya karatasi. Unamenya kwa vidole ukila na chai, au unakula tu ukitembea. Watoto wa Newala, Tandahimba na Mtwara Vijijini wamekuzwa na chakula hicho miaka ya njaa na miaka ya shibe. Hatujaikuta kwenye menyu ya mgahawa wowote wa ufukweni unaojitangaza kuwa unatoa ladha halisi za kusini. Wala ugali wa muhogo kwa kisamvu cha nazi. Muulize meneja, atakwambia wageni hawavijui. Watavijuaje?

Korosho nayo ni kidonda cha peke yake. Mkoa huu ndio mama wa korosho za Tanzania. Kituo cha utafiti cha Naliendele, dakika chache kutoka mjini, ndiko mbegu bora za mikorosho zinakotafitiwa. Sehemu kubwa ya mavuno yetu hupakiwa ghafi ikaenda India na Vietnam kubanguliwa huko. Hayo ni mambo ya serikali na vyama vya ushirika, tumeyasema kwenye mikutano mpaka sauti zimekauka, na mwaka 2018 tuliona mpaka magari ya jeshi yakija kubeba korosho baada ya wanunuzi na serikali kushindwana bei. Lakini mgahawa haukatazwi na mtu kununua korosho kilo tano kwa bibi anayebangua nyumbani na kukaanga juu ya bati. Tumekaa kwenye viti hivyo vya ufukweni tukaletewa karanga za paketi kutoka supamaketi. Msimu wa mabibo, matunda yanaoza chini ya mikorosho mpaka nyuki wanalewa, na mezani kuna juisi ya boksi.

Wakenya walishawahi kupandwa na hasira kama hii. Januari 2022, matawi ya KFC huko Kenya yaliishiwa chipsi kwa sababu viazi vyake vilitoka nje na shehena ilichelewa. Hiyo ni nchi ambayo wakulima wa Nyandarua na Meru wanahangaika kutafuta wa kuwanunulia viazi vyao! Watu walichachamaa, wakahimizana kususia, na kampuni ikalazimika kuahidi kuanza kununua kwa wakulima wa ndani. Sisi hatuna tawi la KFC la kususia. Ila tulipopata habari zile, wengi wetu tulizielewa papo hapo, maana tunaishi karibu na jiko linalotegemea lori la kutoka Dar es Salaam ilhali shamba liko nyuma ya ukuta.

Kuhusu bei kuna jambo la sheria ambalo kila mwananchi alijue. Tangu Machi 2025 kuna kanuni za serikali zinazokataza kutangaza au kudai bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma zinazouzwa ndani ya nchi. Kwa hiyo ukiona menyu ya dola Mtwara, una haki ya kuhoji. Zamani tulikuwa tumezoea tu: unafungua karatasi, unaona alama ya dola, unaifunga, unaagiza soda. Siku hizi alama imeondoka, lakini bei nyingi bado zinanukia dola, tarakimu zake zinaishia ovyo ovyo jinsi hesabu ya kubadilisha fedha inavyoishia. Mpishi analipwa kwa shilingi, mhudumu kwa shilingi, mama wa pweza kwa shilingi. Bei ipangwe kwa shilingi tangu mwanzo.

Tena dawa ya jambo hili ipo na inajulikana. Hifadhi zetu, pamoja na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000, zina kiingilio cha raia na kiingilio cha mgeni. Hakuna aliyeona ajabu. Mgahawa unashindwa nini kutenga siku mbili za wiki, au hata mchana tu wa Jumapili, kukawa na sinia la familia kwa bei ya mkazi? Viti vyenyewe siku hizo viko vitupu, tunaviona tukipita.

Ufuo wenyewe sasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Tembea ufukoni uhesabu hatua zako kutoka maji yanapoishia mpaka kwenye ukuta wa kwanza wa zege, uone. Vijana waliokuwa wanacheza mpira mchangani wanaambiwa wasogee kwa sababu mpira unawafikia wateja. Mvuvi aliyekuwa anavuta ngalawa yake mahali babu yake alipovuta anaambiwa harufu inafukuza watalii. Mtu kuogopa kukanyaga mchanga wa kwao ni jambo zito.

Msimbati wanayo kumbukumbu ya zamani ya jambo la namna hii. Miaka ya mwisho ya ukoloni, Mwingereza mstaafu aitwaye Latham Leslie-Moore, aliyejijengea nyumba pale ufukweni, alitangaza kwamba mahali pake ni nchi huru na akapandisha bendera yake. Serikali ya Tanganyika huru haikumvumilia, na mwishowe alifukuzwa nchini. Leo hakuna anayepandisha bendera. Kuna kamba, kuna kibao cha eneo binafsi, na kuna mlinzi ambaye ni mtoto wa jirani na anaona haya kutufukuza.

Jambo la kinachotundikwa kwenye kuta za migahawa nalo wazee wameomba lisemwe, na linasemwa kwa uzito wake. Kwa Wamakonde, lipiko ni kinyago cha jando. Lina wakati wake na lina wenyewe, na halikuwa kitu cha kuonwa na kila mtu kila siku. Sisi tumeliona limepigiliwa msumari juu ya mlango wa choo cha mgahawa, limewekewa taa ya rangi ili watu wapige picha. Wachongaji wetu wanachonga vinyago vya kuuza, hilo halina ubaya, sanaa hiyo imesomesha watoto wengi na imewapeleka mafundi wetu mpaka Mwenge, Dar es Salaam. Mwenye mgahawa angeuliza tu, angeelekezwa kipi cha kutundika na wapi. Mwaka 1984 vinyago viliibwa kwenye Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam, na kimoja, lipiko la Kimakonde, kikaja kuonekana mwaka 1990 kwenye jumba la makumbusho la Barbier-Mueller mjini Geneva. Nchi hii ilidai kwa miaka ishirini mpaka kikarudishwa mwaka 2010. Kama taifa lilihangaika kiasi hicho kwa kinyago kimoja, mfanyabiashara aliyepo hapa hapa hana sababu ya kukiweka msalani.

Wapo watakaosema tunalalamikia kitu kidogo wakati Mtwara ina mambo makubwa. Ni kweli mambo makubwa tunayo. Mwaka 2013 mji huu ulipata maafa kwa sababu ya bomba la gesi, watu walipohoji kwa nini gesi ya Mnazi Bay ipelekwe Dar es Salaam kabla ya sisi kuona faida yake. Miaka ile ya gesi ndiyo iliyozaa sehemu kubwa ya migahawa tunayoizungumzia. Kampuni za nje zilikuwa zinachimba visima baharini, nyumba za Shangani zikapangishwa kwa dola, watu wakauza viwanja, na kila mwenye ukumbi akaweka makuti na kaunta. Halafu bei ya mafuta duniani ikaporomoka mwaka 2014, mipango ya kiwanda cha gesi kule Lindi ikakaa mezani mwaka hata mwaka, na wageni wakafungasha. Ukaja ugonjwa wa korona mwaka 2020. Oktoba ya mwaka huo huo magaidi wakavuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakashambulia kijiji cha Kitaya, na Machi 2021 mji wa Palma, huko huko Msumbiji, ukashambuliwa, wakimbizi wakajaa mpakani. Ubalozi gani ungeshauri raia wake waje kula kamba kochi huku?

Milango ya migahawa kadhaa ilifungwa kipindi kile. Makuti yalioza, paka wakahamia. Mama ntilie wa stendi hakufunga. Alipunguza sufuria, akaongeza maji kwenye mchuzi, akakopesha wateja wake mpaka mwisho wa mwezi, na leo bado yupo. Aliokolewa na sisi wa bajaji, wa bandarini, walimu, wapakuzi wa magunia. Mwenye mgahawa wa ufukweni hakuwa na watu wa kumwokoa, kwa sababu siku zote alikuwa ametuweka nje ya geti. Hapo ndipo tunaposhindwa kuelewa wafanyabiashara hawa wanapiga hesabu gani. Mtalii anakaa siku nne. Mkazi anakula mwaka mzima.

Na haiwezi kusemwa kwamba hakuna njia nyingine. Boma la Mikindani lilikuwa gofu. Shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lililikarabati likawa hoteli, na nia iliyotangazwa tangu mwanzo ilikuwa kuwafundisha vijana wa Mikindani kazi za hoteli na kufanya utalii ulishe mji wenyewe. Unaweza kuwa na maoni yako juu ya wazungu kukarabati ngome ya wazungu. Lakini jengo lile lina historia yake, halikuhitaji kuigiza, na kijana wa pale alifundishwa kushika jiko na daftari badala ya kuchezeshwa ngoma ya sindimba dakika kumi kati ya supu na samaki. Tunavyoona sisi, hilo lilikuwa wazo sahihi, na linafaa kuigwa kuliko mtumbwi uliokatwa katikati.

Kila baada ya muda tunasikia mwekezaji mwingine ameonyeshwa eneo, na kwamba safari hii ni kampuni yenye matawi. Haya ndiyo maombi yetu kwa madiwani wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani na wa Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara. Kabla hamjapitisha kibali, pimeni zile mita 60 mbele ya wananchi. Mwekezaji aandike kwenye mkataba samaki, muhogo, mboga na korosho atavinunua kwa nani, na kwa utaratibu gani wa bei. Aandike vijana wangapi wa hapa watafundishwa upishi na usimamizi, tofauti na ulinzi na ufagizi. Njia ya kwenda baharini ibaki wazi usiku na mchana. Wazee waitwe waone kinachotundikwa ukutani. Na kuwe na bei ya mkazi, iandikwe kwa Kiswahili, kwa shilingi, ibandikwe getini ambako sote tunaweza kuisoma. Mikataba ya nyuma ilipitishwa sisi tukiwa hatuna habari. Huu unaokuja uleteni kwenye mkutano wa hadhara, tutakuja.